Uzazi wa Mpango Igalula: Miadi, Msimu na Umbali

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Tabora na watu 2,291,623. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Wengine katika ongezeko hilo walihamia: wafugaji waliofuata malisho, wakulima waliofuata ardhi ya tumbaku na mpunga. Wengine walizaliwa humo humo. Takwimu za namna hii zikitajwa bungeni au gazetini, ubishi huzuka papo hapo: huyu anasema watu wengi ni mzigo, yule anasema watu wengi ni nguvu kazi. Mwanamke anayesubiri zamu yake kwenye kliniki ya mama na mtoto ana maswali mengine kabisa. Dawa hii itanifanya nini? Nirudi lini? Nikitaka kuzaa tena, nitaweza? Na siku ya kurudi ikiangukia msimu wa kukausha tumbaku, itakuwaje?

Igalula ni mahali pafaapo kuyapima maswali hayo. Ni kata, ni stesheni ya Reli ya Kati kusini-mashariki mwa mji wa Tabora, na ni jina la jimbo la uchaguzi katika Halmashauri ya Wilaya ya Uyui. Ndani ya jimbo hilo mna Tura na Kigwa, vituo ambavyo misafara ya karne ya 19 ilipumzika kabla ya kuingia Unyanyembe. Mkoa wenyewe una kilomita za mraba zipatazo 76,000, na vijiji vyake vimetawanyika katikati ya miombo, mashamba na mbuga za mpunga. Mtu wa huku hupanga mambo yake kwa mvua na kwa mwendo.

Kwa hiyo kila njia ya uzazi wa mpango, mbali na kuwa dawa, ni miadi kati ya mwanamke na kituo cha afya. Ipo miadi ya kila siku, ya miezi mitatu, ya miaka mitatu na mitano, na ya miaka kumi na miwili. Nguvu ya dawa yenyewe ni sehemu tu ya habari. Sehemu iliyobaki ni jinsi miadi hiyo inavyokutana na jembe, safari na umbali wa mtu mwenye ujuzi.

Mwili unavyozuiwa

Kila mwezi ubongo huwasiliana na ovari kwa kupitia tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake. Homoni za tezi hiyo hulipevusha yai, na katikati ya mzunguko homoni moja hupanda ghafla na kulifanya yai litoke. Likishatoka, ovari humwaga projesteroni kwa wingi, na ubongo ukiipata projesteroni hiyo hauagizi yai jingine. Ndiyo sababu mwanamke mjamzito hapevushi mayai.

Dawa nyingi za kuzuia mimba zimetegemea tabia hiyo. Mwaka 1951, mjini Mexico City, mkemia kijana Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza homoni inayofanana na projesteroni na inayoweza kumezwa bila kupoteza nguvu. Malighafi ilitoka kwenye viazi vikuu vya porini. Mwaka 1960 Marekani ikaidhinisha kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba. Vidonge, sindano na vijiti vya leo ni ukoo mmoja na kidonge hicho. Huzuia yai lisitoke, na pia huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito hata mbegu za kiume zishindwe kupenya. Katika baadhi ya njia, kama vidonge vyenye projestini peke yake, kazi kubwa hufanywa na ute huo.

Kitanzi cha shaba hakimo katika ukoo huo. Hakina homoni. Shaba yake hudhoofisha mbegu za kiume na kuziua kabla hazijalifikia yai, na mzunguko wa hedhi huendelea kama kawaida.

Miadi ya kila siku na ya miezi mitatu

Vidonge mchanganyiko vina estrojeni na projestini. Pakiti iliyozoeleka ina vidonge 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma, vya kumezwa siku ambazo damu inatoka. Wanawake 100 wakivimeza bila kukosea kwa mwaka mzima, hata mmoja kwa kawaida hapati mimba. Katika maisha halisi, yenye kusahau, kusafiri na kuishiwa, wapatao 7 hupata. Akisahau viwili mfululizo au zaidi, inabidi atumie kondomu mpaka amalize siku saba za kumeza bila kuruka. Vidonge vya projestini pekee, ambavyo hupewa hasa anayenyonyesha, vina masharti makali zaidi ya muda: vile vya aina ya zamani vikicheleweshwa zaidi ya saa tatu, kinga hulegea.

Uzuri wa vidonge ni kwamba mwanamke anaanza mwenyewe na kuacha mwenyewe. Havihitaji mkono wa muuguzi kuviondoa, na duka la dawa muhimu linaweza kuwa navyo. Ubaya wake ni kwamba vinaonekana. Pakiti inakaa ndani ya nyumba, na katika nyumba ambayo mume au mama mkwe hajaridhia, pakiti ni ushahidi.

Hapo ndipo sindano ilipopata umaarufu wake. Haionekani, haiachi kitu mkobani, na huchukua miezi mitatu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulikuta sindano ndiyo njia ya kisasa iliyotumiwa zaidi na wanawake walioolewa Tanzania, asilimia 13, ikifuatwa na vijiti asilimia 7 na vidonge asilimia 6. Ikichomwa kwa wakati, ni mimba chache mno, chini ya 1 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Miadi ikipishana na maisha, huwa 4.

Sasa tuiweke sindano kwenye kalenda ya Igalula. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Aliyechomwa mwanzoni mwa Agosti, vitalu vya tumbaku vinapoanza, hurudi mwanzoni mwa Novemba wakati jembe limeshashikwa. Inayofuata humkuta Februari, majani yanavunwa na moto wa mabani ya kukaushia hautakiwi kuzimika. Ya Mei humkuta kwenye kufunga mitumba na kungojea soko. Kila tarehe inadai siku nzima ya kazi, na wakati wa mvua njia za mbugani zina maji. Muuguzi anapaswa kumwambia mapema jambo ambalo wengi hawalijui: Shirika la Afya Duniani linaruhusu sindano hii itolewe hadi wiki mbili kabla ya tarehe, au hadi wiki nne baada yake, bila kumpima mimba. Mwenye kujua hivyo anaweza kuchomwa kabla ya kuhamia shamba la mbali. Asiyejua hukata tamaa akishachelewa siku tatu, harudi tena, na baadaye huweza kubeba mimba.

Ipo pia sindano ndogo ya chini ya ngozi, yenye dawa ile ile kwa kipimo kidogo, ambayo mwanamke akifundishwa anaweza kujichoma. Uganda iliruhusu mpango huo mwaka 2017. Katika jaribio la Malawi lililochapishwa mwaka 2018, baada ya miezi kumi na miwili asilimia 73 ya waliojichoma walikuwa wanaendelea, dhidi ya asilimia 45 ya waliochomwa na wahudumu. Dawa haikubadilika. Kilichopungua ni safari.

Miadi ya miaka

Vijiti, ambavyo kitaalamu huitwa vipandikizi, huingizwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani, juu ya kiwiko, kwa ganzi. Viko vya aina mbili vilivyoenea nchini: Implanon, kijiti kimoja cha miaka mitatu, na Jadelle, vijiti viwili vya miaka mitano. Hutoa projestini kidogo kidogo kila siku, na hakuna cha kusahau. Mimba ni kama 1 kwa wanawake 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 watengenezaji na wafadhili walikubaliana kushusha bei kwa nchi maskini karibu nusu. Seti ya vijiti viwili vya Jadelle ikatoka dola 18 hadi dola 8.50. Tangu hapo vijiti vimeenea kwa kasi, na utafiti wa kitaifa wa 2022 umevikuta vimeipita sindano miongoni mwa wanawake walioolewa.

Kitanzi cha shaba hukaa hadi miaka 12, na mimba ni chini ya 1 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, ndiyo njia ya dharura yenye nguvu kuliko zote. Miezi ya mwanzo huleta hedhi nzito na maumivu, jambo zito kwa mwenye upungufu wa damu. Hakijapendwa sana Tanzania, kwa sehemu kwa sababu kukiweka kunadai chumba chenye faragha, vifaa safi na mikono iliyozoea.

Kufunga kizazi kwa mwanamke, au mirija kwa mwanamume, ni kwa aliyemaliza. Upasuaji wa mwanamume ni mwepesi zaidi na salama zaidi, na bado ndio unaofanywa mara chache zaidi.

Kwa vijana, njia inayotajwa sana ni P2, kidonge cha dharura. Kina projestini nyingi kwa mpigo, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Ndiyo maana hufaa zaidi kikimezwa mapema, ndani ya saa 72, na nguvu yake hupungua kila saa inavyopita. Yai likishatoka hakina msaada, na mimba iliyokwisha kutunga hakiitoi. Kukifanya njia ya kila wiki ni kutumia fedha nyingi kwa kinga hafifu.

Nani asipewe nini

Kwingine duniani dawa hizi huhitaji cheti cha daktari. Vijijini Uyui, cheti kwa kweli ni mazungumzo na muuguzi, na mazungumzo hayo yakifupishwa, hatari huingia. Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, hivyo vidonge mchanganyiko havifai kwa mwenye shinikizo kubwa la damu, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimetometo, au aliyejifungua karibuni na ananyonyesha. Mvutaji sigara aliyefika miaka 35 naye avikwepe. Hapa Tabora ni vizuri kufafanua: katazo linamhusu anayevuta, halimhusu anayelima. Kipimo cha presha kabla ya pakiti ya kwanza ni jambo la dakika mbili.

Dawa nyingine za hospitali huingiliana na homoni. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni haraka, na vidonge au vijiti hupoteza sehemu ya nguvu. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ilifanya hivyo kwa vijiti. Sindano ya miezi mitatu huhimili zote mbili, na kitanzi hakihusiki kabisa. Ipo pia hofu ya zamani kwamba sindano huongeza hatari ya kuambukizwa virusi hivyo. Jaribio kubwa lililowashirikisha wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, likatoa majibu mwaka 2019, halikuona tofauti kubwa kati ya sindano, vijiti na kitanzi. Lakini liliona maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote matatu. Kinga ya maradhi inabaki kwa kondomu.

Hofu ya ugumba ina historia

Ukisikiliza sababu za kukataa, moja huzishinda zote: dawa zinaziba kizazi. Wataalamu wengi huiita imani potofu na kupita. Katika Unyamwezi hofu hiyo ina mizizi. Wanaume wa huku walikuwa wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji, wakitoka nyumbani kwa miezi, na maradhi ya zinaa yalisafiri pamoja na mizigo. Chini ya wakoloni, wasiwasi uliozungumzwa ulikuwa wa watu kupungua na wanawake kukosa watoto. Jamii iliyowahi kuona nyumba bila mtoto haiwezi kusikia habari ya kuzuia kizazi bila kushtuka. Kupanga nafasi, hata hivyo, si jambo geni: wazee walikuwa na kunyonyesha muda mrefu, kutengana kitanda na hirizi za kiunoni. Kunyonyesha kuna msingi wa kisayansi. Mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi, kinga hufikia asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga nayo huondoka.

Dawa zenyewe huipa hofu hiyo mafuta. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya watumiaji hawaoni hedhi. Damu haijajikusanya popote. Ukuta wa kizazi umebaki mwembamba, hauna cha kumwaga. Mwingine hutokwa na matone yasiyo na mpangilio kwa wiki kadhaa. Na mwanamke akiacha sindano, uwezo wa kushika mimba hurudi polepole, kwa wastani miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho. Aliyeahidiwa kwamba akiacha leo atashika mimba mwezi ujao, akikaa mwezi wa nane bila kitu, atawaambia jirani zake kuwa ameharibiwa. Hajasema uongo kuhusu aliyoyaona. Aliyekosea ni yule aliyemchoma bila kumweleza. Vijiti, vidonge na kitanzi havina ucheleweshaji huo.

Sauti za wakubwa pia zimevutana. Chama cha uzazi wa mpango, UMATI, kilianzia Dar es Salaam mwaka 1959, serikali ikaingiza huduma hizi katika kliniki za mama na mtoto mwaka 1974, na mpango wa kitaifa ukaanza 1989. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na dereva wake wa lori Mkwaju akawa gumzo la nchi. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma lililoachwa kwa makusudi bila mchezo huo, wakaona matumizi yamepanda zaidi uliposikika. Kisha Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huo huo matangazo ya huduma hiyo yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Dawa ziliendelea kutolewa. Kilichokatika ni maelezo, ambayo kwa dawa za aina hii ni nusu ya tiba.

Dawa hutoka wapi

Katika vituo vya serikali njia hizi hutolewa bure, lakini bure hiyo ina mlipaji, na kwa miaka mingi mlipaji mkubwa amekuwa mfadhili wa nje. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha misaada yake. Katikati ya mwaka huo shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya dola milioni 9.7 ikawa imekwama ghalani Geel, Ubelgiji. Kwa maelezo ya shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, ambalo UMATI ni mwanachama wake, ndani yake mlikuwa na sindano zaidi ya milioni moja na vijiti zaidi ya 365,000 vilivyokusudiwa Tanzania. Mwanamke aliyezoea sindano anapoambiwa leo hakuna, chukua vidonge, hana nafasi ya kuchagua tena. Amepangiwa na ghala.

Wasichana na wanaume

Utafiti wa 2015–16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Tabora wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Kimwili, umri mdogo si kizuizi cha vijiti wala vidonge. Kizuizi ni macho ya watu. Foleni ya kliniki ya mama na mtoto humtangaza msichana kabla hajafungua mdomo, naye huishia kununua P2 mjini au kungojea bahati. Mwanamume kwa upande wake haalikwi kwenye mazungumzo mpaka kuwe na ugomvi. Anasikia habari ya vijiti siku anapovipapasa mkononi mwa mkewe. Kumweleza mapema kunasaidia, ila ridhaa yake isigeuzwe kibali. Mwili unaochomwa si wake.

Kipimo cha huduma

Kitaifa, utafiti wa 2022 umekuta mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na karibu mmoja kati ya watano walioolewa anataka kupumzika au kuacha kuzaa ila hatumii njia yoyote. Ni rahisi kudhani kwamba wote hao wanasubiri kuelimishwa. Wengi wameshajaribu na kuacha: damu iliwachanganya, tarehe iliwapita, kopo la dawa lilikuwa tupu, au walitaka kijiti kitolewe wakakosa wa kukitoa.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengine. Timu ya huduma mkoba hufika kijijini, huweka vijiti kwa wanawake wengi siku moja, kisha huondoka. Kuweka ni kazi ya dakika chache. Kutoa, hasa kijiti kilichozama, hutaka ujuzi na subira zaidi. Mwanamke mmoja anayezungushwa miezi mitatu akitafuta wa kumtoa kijiti huwakimbiza kumi waliokuwa wanafikiria kukiweka, kwa kuwa amethibitisha hofu yao ya siku nyingi kwamba mlango huu ni wa kuingilia tu.

Takwimu za halmashauri zihesabu wateja wapya, lakini zihesabu pia waliotolewa vijiti siku ile ile walipoomba, siku ambazo sindano ilikosekana, na waliorudi kwa wakati msimu wa mvua. Mteja naye asitoke kwenye chumba cha muuguzi bila majibu manne: hedhi yangu itabadilikaje, nirudi lini na naweza kuchelewa kiasi gani, nikiacha uzazi utarudi baada ya muda gani, na nani hapa karibu anaweza kuitoa. Zahanati yenye majibu hayo itapata watumiaji bila kipaza sauti. Isiyo nayo itaendelea kugawa dawa nzuri na kuvuna lawama.